Kamati ya Harusi na Kalenda ya Bamvua

Kila nikikaa na vijana wa filamu, swali la kwa nini hatutengenezi filamu huru nyingi hupewa jibu moja: hakuna pesa. Mimi jibu hilo silikubali. Katika Dar es Salaam hii hii, watu hukutana Jumapili jioni, humchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kadi huchapishwa, ahadi huandikwa, na baada ya miezi mitatu au minne mamilioni ya shilingi huisha kwa usiku mmoja: ukumbi, chakula, mapambo, MC, keki na video ya droni. Hakuna aliyeshikiwa fimbo ili achange.

Nimekaa kwenye kamati kadhaa za namna hiyo, nyingine nikiwa mweka hazina, na humo ndimo nilimojifunza sehemu kubwa ya kazi ya uprodyuza. Anayetoa laki moja ya harusi anajua tarehe, anajua ukumbi, anajua nani anaoa na nani anaolewa. Anajua atakula. Anajua zamu yake ikifika naye atachangiwa. Mtu huyo huyo akiombwa laki moja ya filamu, anachopewa kwa kawaida ni maneno: "Kuna kazi kubwa inakuja, kaka, we subiri tu." Tarehe hakuna, mahali hapajulikani, na akiuliza atapata nini anaambiwa filamu itakwenda tamasha la Cannes, Ufaransa. Ningekuwa yeye, nami ningemaliza soda yangu nikaaga.

Sasa hivi ninaandaa filamu ndefu pamoja na rafiki yangu ambaye ndiye mwongozaji. Ni hadithi ya mama anayenunua samaki mnadani Bagamoyo akawauze Dar, na mwanawe aliyerudi nyumbani bila kitu. Hatujapiga hata fremu moja. Naandika mapema kwa makusudi, maana filamu ikishakamilika watu hukumbuka seti tu: jua, vurugu, vicheko, nani alimnunia nani. Miezi ya makaratasi iliyotangulia huwatoka kichwani, na anayekuja nyuma yao anadhani kazi huanza siku ya kwanza ya kushuti.

Kuivunja skripti

Skripti yetu ina kurasa 95. Kwa kipimo kinachotumika karibu kila mahali, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa muundo wa kawaida wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo tuna saa moja na nusu na ushei. Hesabu inayofuata ndiyo inayouma. Filamu yenye kruu ndogo, yaani kundi dogo la watengenezaji, hupiga kurasa nne hadi sita kwa siku. Chukua tano: ni siku 19 za kushuti, na kwa siku sita za kazi kila wiki ni zaidi ya wiki tatu za kulisha watu, kuwalaza na kuwasafirisha.

Tatizo ni kwamba kurasa hazilingani. Waigizaji wawili wakikaa barazani wakazungumza kwa kurasa nne, hiyo ni kazi ya asubuhi moja na mkifika mchana mmemaliza. Lakini mstari usemao "Mnada unachafuka, watu wanapigana" hauchukui hata robo ya ukurasa, na pale ufukweni utakula siku nzima, pengine mbili. Ndiyo maana waandaaji huigawa kila sini, yaani kila tukio la mahali na wakati mmoja, kwa vipande vya moja ya nane ya ukurasa, kisha wakaandika pembeni yake kila kitu kinachodaiwa: wahusika, watu wa kupita nyuma, nguo, vifaa vya mkononi, magari, wanyama, watoto, ndani au nje, usiku au mchana. Tuliifanya kazi hiyo sebuleni kwa mwongozaji kwa kalamu za rangi, kuku wakiingia na kutoka. Tulipomaliza, filamu ilikuwa imeshabadilika.

Nitoe mfano. Katika rasimu ya kwanza kijana anashuka stendi kuu usiku wa manane, katikati ya abiria, wapiga debe na mabasi yanayonguruma. Sini nzuri, mwongozaji aliipenda kama mtoto wake. Ikivunjwa, ilitaka basi la kukodi, watu wasiopungua hamsini wa kujaza stendi, taa kubwa, jenereta, kibali cha stendi na usiku mzima wa kruu. Nikamuuliza: tunachopaswa kujua hapa ni kipi? Akajibu kwamba kijana amerudi mikono mitupu na hakuna anayemsubiri. Basi, nikasema, mlete kwa bodaboda alfajiri hadi mlangoni kwa mamaye, nauli hana, amsihi dereva amngoje agonge mlango. Mwandishi wetu wa skripti alikataa kwa wiki nzima. Halafu akaiandika, na lile deni la bodaboda likageuka uti wa mgongo wa nusu ya pili ya hadithi, kwa sababu dereva anarudi kulidai, anazoeana na mama, na mwisho anajua mambo ambayo mwanawe hayajui. Huyo dereva tumempata kwa kukata gharama.

Si kila kitu kinapaswa kukatwa. Mnada tumeubakiza na ngumi zake zote, ingawa ni sini ghali kuliko zote. Ukimtoa mama huyu mnadani humwachii kazi, na mimi sitaki filamu ambayo watu wanazungumza tu sebuleni kwa sababu prodyuza aliogopa ufukwe.

Asubuhi ipi?

Sini zetu nyingi zimeandikwa "Asubuhi. Pwani." Ukiisoma ofisini unaona ni maneno mawili tu. Tulipokwenda Bagamoyo kukagua lokesheni tukamkuta mzee mmoja akiziba ngalawa yake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mwongozaji akamweleza: asubuhi mama anatembea mbali kwenye mchanga mtupu kwenda kupokea chombo, halafu katika sini nyingine, asubuhi vilevile, chombo kinaelea karibu kabisa na watu. Mzee akacheka. "Mwanangu, unataka maji au unataka mchanga? Vyote kwa saa moja huvipati."

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa haya, ila wengi wetu kwenye kruu ni watu wa bara. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Kila siku yanachelewa kwa dakika zipatazo 50. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari ikaenda mbali sana na kurudi juu sana. Katikati yake ni maji mafu, yasiyosogea kwa kiasi kikubwa. Pwani yetu, siku za bamvua, maji huwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi. Ngoja wiki moja, saa ile ile ya asubuhi utakuta yamejaa.

Maana yake kwa mwenye bajeti ni nini? Sini za mchanga mtupu zinakaa katika juma la bamvua, na sini za chombo kinachoelea zinakaa juma linalofuata. Mama yuko katika zote, kwa hiyo huwezi kumkodi kwa siku kumi mfululizo ukamwachia. Unamshika wiki mbili na zaidi, na siku anazokaa bure unazilipia. Mwigizaji wa kijana anatoka Dar, naye atalala Bagamoyo muda wote huo. Vyumba vya wageni vikaongezeka, sahani zikaongezeka. Mwezi wa angani uliingia kwenye bajeti yetu kabla ya kamera, na bahati nzuri ni kwamba jedwali la maji hupigwa hesabu miezi mingi mbele, kwa hiyo hakuna kubahatisha.

Baada ya bahari zikaja kalenda nyingine. Masika, Machi hadi Mei, hatuyagusi, kwa ajili ya matope na kwa ajili ya mapaa ya bati ambayo mvua ikinyesha hakuna maikrofoni inayosikia mtu. Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11, tumeiweka pembeni pia. Kruu iliyofunga haiwezi kubeba reli za kamera mchana kutwa juani, na jua la maghribi ambalo kila mpiga picha analililia ndilo saa ya futari. Huku kwetu karibu na ikweta jua likianza kushuka halikungoji. Ukichelewa kupanga lenzi, giza limeingia. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, sini za baharini zinakuwa kelele tupu. Mtu wa sauti naye alitaka nyakati za sala za msikiti ulio karibu na nyumba tuliyoichagua, akaziingiza kwenye ratiba ili adhana ikianza sisi tuwe tunahamisha taa. Nimefanya kazi na kruu zisizopanga hivyo. Ni aibu kuona kundi la watu limesimama likiangalia saa kana kwamba muadhini ndiye mgeni mtaani.

Sahani 1,800

Wageni wa kazi hii huanza bajeti kwenye kamera. Mimi huanzia jikoni. Tuseme watu 30, chai na milo miwili kwa siku, siku 20: ni sahani 1,800. Ukikosea bei ya sahani moja kwa shilingi 1,000, umekosea milioni moja na laki nane. Mama lishe tuliyekubaliana naye anataka malipo ya awali kila Jumamosi ili anunue mchele na mkaa wa wiki, na ana haki. Kruu iliyoshiba hustahimili mambo mengi. Iliyokula mihogo mikavu saa tisa alasiri huanza kuulizana nani kalipwa na nani hajalipwa.

Diski nazo hudharauliwa. Picha ya 4K ya ubora wa juu inaweza kula zaidi ya gigabaiti 300 kwa saa moja. Piga saa mbili za picha kwa siku, kwa siku 20: unakaribia terabaiti 12, na hiyo ni nakala moja. Asiyeweka nakala ya pili katika nyumba nyingine anacheza kamari na jasho la wenzake. Nakala ya tatu sisi tumeiandika kwenye bajeti na nimekataa isiguswe.

Mengine nayapita haraka: mafuta, Coaster ya kruu, umeme wa Luku kwenye nyumba ya watu, jenereta, bima ya vifaa, ulinzi wa usiku, dawa na mtu wa huduma ya kwanza. Juu ya yote hayo tunaongeza asilimia 10 ya dharura. Fungu hili ndilo la kwanza kushambuliwa na kila anayesoma bajeti, maana linaonekana kama pesa isiyo na kazi. Hata kwenye harusi kuna fungu la "mengineyo", na sijaona harusi iliyolirudisha.

Kuna hadithi ambayo lazima utaisikia ukianza mazungumzo haya: Robert Rodriguez alitengeneza El Mariachi kwa dola 7,000 hivi, sehemu ya pesa hizo akizipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Ni kweli, na somo lake bora ni kwamba aliandika hadithi kwa kuangalia alichokuwa nacho mkononi katika mji wa mpakani wa Mexico. Lakini wanaoisimulia huishia hapo. Filamu iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1993 ilikuwa imeshapita mikononi mwa studio ya Columbia, ambayo ilitumia fedha nyingi mno kuliko hizo 7,000 kuitengenezea nakala za sinema, kusafisha sauti na kuitangaza. Kijana akija kwangu na bajeti ya kushuti tu, bila uhariri, sauti, rangi, muziki wala nakala ya kuoneshea sinema, namwambia ameleta nusu ya filamu.

Nani aandike wa kwanza

Sasa pesa. Kwenye kamati ya harusi kikao cha kwanza huwa na ukimya fulani, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kwenye daftari. Mwenyekiti mwenye akili huandika ahadi yake mwenyewe, kubwa kidogo kuliko uwezo wake, na kalamu inaanza kuzunguka. Mifuko ya nje inayotoa ruzuku za filamu hufanya hivyo hivyo kwa lugha ya kiofisi. Kila mmoja huuliza: nani mwingine yumo? Jedwali la vyanzo vya fedha ni lazima lioneshe kipi kimethibitishwa na kipi kinaombwa. Sisi tuliandika fedha zetu wenyewe mstari wa kwanza, pamoja na thamani ya kamera ya mwongozaji na sehemu ya ujira wetu ambayo hatutaichukua mpaka mwisho. Si nyingi. Ila mstari wa kwanza hauko wazi.

Mifuko yenyewe inajulikana. Hubert Bals Fund ya tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, imebeba jina la mwanzilishi wa tamasha hilo aliyefariki mwaka 1988. World Cinema Fund ya Berlin ilianza mwaka 2004, na kwa fungu lake la utengenezaji unahitaji prodyuza mshirika wa Ujerumani. Uswisi kuna Visions Sud Est. Karibu na nyumbani kuna soko la Durban FilmMart, lililoanza mwaka 2010, ambako unakaa mezani na wanunuzi na washirika mmoja baada ya mwingine ukiwasilisha mradi kwa muda mfupi sana. Na mwenye filamu ya Kiswahili asilipite ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, pale Unguja. Wengi huenda kutazama filamu tu, lakini washirika hupatikana kwenye foleni ya urojo kama wanavyopatikana ofisini.

Fedha za namna hii hazirudishwi, na hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake ni kwamba huja kwa mafungu: kidogo mkataba ukisainiwa, kingine mkianza kushuti, kingine ukiwasilisha uhariri wa awali, na fungu la mwisho baada ya filamu kukamilika na hesabu kukaguliwa. Ukijumlisha kwenye karatasi, pesa inatosha. Ukienda kwenye akaunti wiki ya kumi, haipo, na studio ya sauti inataka malipo kabla ya kukufungulia mlango. Kwa hiyo mbali na bajeti tumetengeneza jedwali la wiki kwa wiki: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Kuna wiki mbili zilizoandikwa kwa nyekundu na bado tunatafuta namna ya kuzivuka. Mkopo wa benki kwa dhamana ya barua ya mfuko wa Ulaya nimeuulizia. Ofisa alinisikiliza kwa adabu kubwa, akaniuliza kama nina nyumba yenye hati.

Halafu kuna sauti inayokuja na pesa. Katika warsha moja mshauri alitupendekezea tumfanye mama awe maskini zaidi na mwanawe apotelee baharini akienda Ulaya, kwamba wasomaji wa mifuko wangeguswa. Mwongozaji akamshukuru, akafunga daftari. Lakini tusijifanye kwamba tatizo ni la Wazungu peke yao. Mdhamini wa hapa mjini anataka kinywaji chake kionekane mezani kila familia ikila, hata kwenye msiba. Kituo cha televisheni kinaweza kuuliza kama hadithi haiwezi kurefushwa iwe tamthilia. Chaneli za Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zimewapa watu wengi wa fani hii kazi na kipato cha kueleweka, na tunaiwazia leseni ya televisheni kama sehemu ya mpango wetu. Ninachosema ni kwamba leseni inasomwa mstari kwa mstari. Ni ya miaka mingapi? Ni ya nchi zipi? Inaanza kabla au baada ya matamasha? Enzi za DVD za Bongo movie, wengi waliuza masta, yaani nakala mama, na haki zote kwa mkupuo, na filamu zao zinapooneshwa leo hazina cha kuwapa.

Mwekezaji binafsi tumempata mmoja aliye tayari kusikiliza. Mpango unaotumika sana katika filamu huru ni kwamba wawekezaji hurudishiwa kwanza fedha yao na nyongeza, mara nyingi asilimia 20, kisha kinachobaki kinagawanywa nusu kwao na nusu kwa upande wa watengenezaji. Nimemweleza hivyo, na nikamweleza pia kwamba filamu nyingi huru hazifiki hata kurudisha mtaji, kwa hiyo alete pesa ambayo akiipoteza watoto wake watakwenda shule kama kawaida. Mjomba wangu alitaka kuweka sehemu ya kiinua mgongo chake. Nilimkatalia. Alinuna miezi miwili, shangazi akanipigia simu kunishukuru.

Kuna chanzo kingine ambacho hakiandikwi kama chanzo: jasho la kruu. "Utalipwa filamu ikiuzwa, mdogo wangu." Maneno haya yamejenga filamu nyingi hapa kwetu na yamevunja urafiki mwingi zaidi. Sisi tumeamua ujira wa chini kidogo kuliko wa soko, uwe sawa kwa wakuu wote wa idara, ulipwe kila Jumamosi. Tumepoteza mpiga picha mmoja mzuri kwa uamuzi huo. Waliobaki wanajua tarehe ya pesa yao.

Karatasi zenye muhuri

Hapa sitakaa sana, ingawa anayepuuza hapa hujuta. Kwa Tanzania Bara kibali cha kutengeneza filamu kinatoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na skripti huambatanishwa na maombi. Ukivuka kwenda Unguja au Pemba, mamlaka ni nyingine, BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Droni ina mlango wake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tukitaka magofu ya kale ya Kaole tutakwenda kwa wanaoyasimamia. Na hata ukiwa na mihuri yote hiyo, usipopita ofisi ya serikali ya mtaa kumsalimia mwenyekiti, siku ya kushuti kila kijana atataka kujua ni nani aliyewaruhusu. Mwenyekiti wetu alituuliza swali ambalo hakuna mfuko uliotuuliza: "Hao wavuvi mtakaowasimamisha asubuhi wasiende kuvua, nani atawalipa?" Tukarudi kwenye bajeti tukaongeza mstari.

Karatasi nyingine ni za haki. Mwandishi amesaini kwamba skripti imehamia kwenye kampuni ya filamu, kwa malipo na kwa asilimia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wana nakala. Aliyechukua hadithi kitabuni lazima awe na mkataba wa mwenye kitabu kabla ya kutafuta senti moja. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyofika Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikawa filamu ya pili tu ya Tanzania kuwasilishwa kwenye Oscar, inatoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, na mnunuzi yeyote wa kimataifa huulizia kwanza mnyororo huo wa haki. Kwetu tatizo lilikuwa dogo lakini lenye kero: skripti ilitaja taarabu mashuhuri ikisikika redioni mama akikaanga samaki. Kufuatilia warithi wa haki zake kungechukua miezi. Tumemwomba kijana mmoja aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, atutungie wimbo mwingine, na mama atakaanga samaki kwa wimbo huo.

Tulipofika

Leo nikiandika, fedha zilizothibitishwa zinatosha kushuti na kufika uhariri wa kwanza, ikiwa hakuna siku ya ziada hata moja. Ahadi zipo zaidi ya hapo, lakini kila mweka hazina anajua jinsi watu wanavyopungua kadiri tarehe inavyokaribia. Kwenye harusi nilizosimamia nilikuwa sipangi matumizi kwa ahadi isiyokuwa na nusu yake taslimu, na huku nafanya hivyo hivyo. Tunangoja jibu la mfuko mmoja wa nje. Mwongozaji anasema tuanze, pesa itatufuata. Mimi nimesema hatuanzi mpaka uhariri, sauti na rangi ziwe na pesa yake, maana filamu iliyoshutiwa ikalala kwenye diski hukusanya madeni na lawama, na waigizaji hukua. Kijana wetu ana miaka 19. Mwaka mmoja na nusu baadaye atakuwa na uso mwingine, na kama kuna sini ya kurudia hatutairudia.

Tumekutana katikati. Mwandishi anaandaa toleo la pili la siku 12, ambalo bahari inasikika lakini mara nyingi haionekani, mnada umepunguzwa kuwa asubuhi moja ya maji mafu, na deni la bodaboda limebeba zaidi ya lilivyobeba mwanzo. Jibu la mfuko likiwa "hapana", tutashuti hilo. Likiwa "ndiyo", tuna tarehe za bamvua mbili baada ya masika ambazo nimeshaziwekea alama, na mama lishe ameshaniambia kwamba ya kwanza haiwezi, ana harusi ya mdogo wake na yeye ndiye mweka hazina.